Bima ya mkopo wa nyumba: nilikatwa miaka mitano, siku ya kulipwa nikaambiwa simo

"Mkataba wako uliisha madam, hukupunguzwa kazi." Ndivyo msichana wa kampuni ya bima aliniambia kwa simu Machi 2025, na aliongea na heshima sana hata sikuweza kumgombeza, nikakaa tu kwa ngazi za nje nimeshika simu mkononi. Miaka mitano nimekatwa pesa kila mwezi nikijua siku kazi ikiisha, nyumba italipwa angalau miezi sita tukijipanga. Sasa kazi imeisha kweli, na bima inasema haijaisha vile wao walitaka iishe.

Naandika hii juu binamu yangu anasaini mkopo wake wa nyumba Ijumaa, na jana usiku akaniuliza kwa WhatsApp, dada, hii bima ya mkopo nikubali ama ni pesa ya bure? Nikaanza kumjibu nikaona nimeandika na kuandika na bado sijafika kwa jibu, nikasema wacha niweke yote hapa, najua si yeye peke yake anajiuliza hilo swali.

Kwanza tutenganishe vitu, maana hapa ndio nilipotea mimi. Kwa statementi ya benki unaona mstari mmoja tu umeandikwa bima, lakini ndani ya huo mstari kunaweza kuwa na bima tatu tofauti kabisa. Kuna ya jengo lenyewe, moto na mafuriko na mambo kama hayo, hiyo sina shida nayo, lipa uendelee na maisha. Kuna ya maisha yako, ukifa ama upate ulemavu wa kudumu ambao hauwezi kufanya kazi tena, bima inalipa benki deni lililobaki. Hii ya pili kwa kawaida benki haikupi mkopo bila hiyo. Alafu kuna ya tatu, hii ndio inauliziwa sana, ya kukulipia malipo ya mwezi kwa muda fulani ukipoteza kazi ama ukiugua muda mrefu. Hii ya tatu mara nyingi ni ya hiari, lakini mtu wa benki akikuwekea karatasi ishirini mbele na unangoja funguo ya nyumba kwa hamu, hiari hauioni, unasaini tu.

Sisi tulichukua mkopo Januari 2020, shilingi milioni 6 kwa miaka 15, nyumba ya vyumba vitatu hapa Donholm, Nairobi. Riba imepanda na kushuka hapo katikati, kiwango cha Benki Kuu kilifika hadi asilimia 13 Februari 2024, lakini wacha nitumie asilimia 14 mwanzo mpaka mwisho ndio hesabu isituchoshe. Kwa riba hiyo malipo ya mwezi yanakuja kama 79,900. Sasa angalia hapa pole pole. Ukilipa miaka mitano bila kuruka hata mwezi mmoja, karibu milioni 4.8 imetoka kwako, na deni lililobaki ni milioni 5.15. Umepunguza laki nane na nusu tu! Miaka ya kwanza pesa karibu yote inaenda kwa riba, kwa hivyo mtu akifariki ama akikosa kazi mwaka wa tano, deni bado liko karibu pale lilianzia. Mimi nilikuwa sijui hii. Nilidhani miaka mitano kwa kumi na tano ni theluthi, basi tumemaliza theluthi ya deni.

Basi miezi miwili baada ya kuingia kwa nyumba corona ikafika, mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa 13 Machi 2020, watu wakaanza kurudishwa nyumbani bila mshahara, na nakumbuka vizuri nikimwambia mzee wangu, yaani mume wangu, usiku, asante Mungu tulichukua ile bima. Nililala vizuri kwa sababu yake. Hiyo ndio inaniuma mpaka leo kuliko hata pesa yenyewe, ile amani niliyokuwa nayo haikuwa na kitu chini yake.

Kazi yangu ilikuwa ya data kwa shirika moja la afya hapa Nairobi, mradi wa HIV, pesa inatoka Marekani. Mkataba wa mwaka mmoja, unaisha mwisho wa Februari na unaongezwa, unaisha unaongezwa, miaka saba hivyo. Nairobi hii tuko wengi wa hivyo, unafanya kazi ile ile dawati lile lile miaka mingi lakini kwa karatasi wewe ni mtu wa mwaka mmoja. Januari 2025 msaada wa Marekani ukasimamishwa, tukaambiwa twende nyumbani tungoje, tukangoja, Februari ikaisha na mkataba haukuongezwa. Hakuna barua ya kufutwa. Hakuna barua ya kupunguzwa. Ni tarehe tu ilifika.

Na bima yangu, nilipoisoma sasa kwa mara ya kwanza na akili yangu yote, ilisema inalipa mtu akipunguzwa kazi kulingana na sheria. Kupunguzwa kazi kwa Kenya ni kitu kimeelezwa vizuri, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri anatoa notisi ya mwezi mmoja, anaarifu pia ofisa wa leba, anakulipa angalau siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Mkataba wa muda ukifika tarehe yake si hiyo. Chini yake wakaorodhesha vitu ambavyo hawalipi: ukiacha kazi mwenyewe, ukifutwa kwa makosa, ukistaafu mapema, mkataba ukiisha, ukiwa umejiajiri, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusaini, na chochote kikitokea siku 90 za kwanza. Yaani tangu ile siku ya kwanza 2020 karibu hakuna njia mimi ningepoteza kazi yangu na walipe. Na kwa fomu yao, kwa mwandiko wangu mwenyewe, penye wameuliza aina ya ajira nimeandika mkataba wa mwaka mmoja. Waliiona. Wakachukua pesa.

Nilivyomwambia dada mmoja wa ukoo wetu ambaye ni muuguzi Uingereza, hakushangaa hata kidogo. Huko walikuwa na kesi kubwa ya bima kama hizi, waliita PPI, mabenki yaliuzia watu mamilioni bima ya kulinda mikopo, wengine walikuwa wamejiajiri ama hawana kazi kabisa, watu ambao hawangeweza kudai hata senti. Mabenki yakapinga kortini na yakashindwa Aprili 2011, na siku ya mwisho ya kuleta madai, 29 Agosti 2019, ilipopita, hesabu ya kurudishia watu pesa zao ikafika zaidi ya pauni bilioni 38. Bilioni thelathini na nane! Si kwamba bima ya aina hiyo ni mbaya yenyewe. Ilikuwa inauzwa kwa mtu ambaye si wake.

Sasa binamu, kuhusu kama inafaa, nilikaa na kalamu. Hiyo sehemu ya kupoteza kazi ilikuwa inanikata 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Ingenilipa ingekuwa miezi sita ya 79,900, jumla 479,400. Gawanya hiyo kwa 18,000 unapata miaka 26 na kidogo. Maana yake mtu ambaye anaweza kupunguzwa kazi hata mara moja tu kwa miaka 26, bei hiyo ni sawa kwake, na mtu ambaye kampuni yake inapunguza watu kila baada ya miaka mitatu minne, hiyo bei ni nafuu kabisa, nasema ukweli hata kama nina uchungu. Kama wewe umeajiriwa kwa kudumu, kampuni ya kibinafsi, barua yako ya kazi haina tarehe ya mwisho, na unaona vile mambo yanaenda ofisini, mimi sitakuambia ukatae. Chukua. Lakini soma inalipa miezi mingapi na inaanza kulipa baada ya siku ngapi, kuna zingine zinalipa miezi mitatu tu na mwezi wa kwanza hauhesabiwi.

Kuna watu husema si ungejiwekea hiyo 1,500 mwenyewe. Nimefanya na hiyo hesabu. Miaka mitano ni 90,000, ni malipo ya mwezi mmoja na siku nne. Kwa hivyo hiyo hoja ya jiwekee peke yake haitoshi, wacha tusidanganyane, 1,500 haiwezi kukubeba miezi sita. Bei haikuwa shida yangu. Shida ilikuwa maneno, kwamba kile kinachoweza kunitokea mimi na kile wao wanalipa havikukutana mahali popote. Mtu wa mkataba, mtu wa duka, mwenye matatu, fundi, mwalimu wa serikali ambaye kupunguzwa kazi ni nadra sana, hawa wote sioni wanalipia nini hapo.

Lakini ile ya pili, ya maisha, hapo sina maneno mawili. Hapo ndio nataka usikize kuliko yote niliyosema.

Kaka yangu na wifi walichukua mkopo 2018, majina yote mawili, mishahara yote miwili ilihesabiwa ndio wakafikisha kiasi walichotaka. Wifi ndiye alikuwa analipwa zaidi. Wifi akaugua wiki tatu tu mwaka wa 2021 na akatuacha. Tukamzika, tukarudi Nairobi, kaka akangoja mwezi ukaisha akabeba cheti cha kifo akaenda benki akijua angalau hilo moja limetatuliwa, watoto watabaki na nyumba ya mama yao. Ofisa akafungua faili akasoma akanyamaza. Bima ilikuwa na jina moja. La kaka. Kwa sababu yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwa fomu, na hakuna mtu alikuwa ameuliza, si benki, si wao, huyu mwingine naye je? Mkopo wa watu wawili, bima ya mtu mmoja, na aliyekufa ni yule mwingine.

Deni lote likabaki vile lilivyo. Kaka ameweka wapangaji kwa ile nyumba, yeye na watoto wakahamia chumba kimoja na sebule huko Kayole, kodi anayopata inalipa kama nusu ya benki na nusu nyingine anatafuta. Hajawahi kukosa mwezi. Akija kwetu Jumapili hatuongei hiyo story, lakini mimi huona akiangalia kuta.

Na jirani yetu wa chini hapa Donholm, mzee wake alifariki 2023, bima ilikuwa kwa jina lake, mama akapeleka karatasi zote, ikachukua miezi minne na akaendelea kulipa hiyo miezi yote juu aliambiwa asisimame mpaka dai likubaliwe, kisha benki ikalipwa deni lililobaki na akarudishiwa hati yake ya nyumba. Mama huyo anauza mboga asubuhi na analala kwake. Bima aina moja, tofauti ni jina tu.

Kwa hivyo kama mko wawili uliza, bima iko na majina mangapi, na kila mmoja amelindwa asilimia ngapi ya deni. Kuna mahali wanagawa, 60 kwa huyu 40 kwa yule, kwa hivyo mmoja akifa sehemu yake tu ndio inalipwa na wewe unabaki na nyingine. Inaweza kuwa sawa kama mishahara yenu inakaribiana, lakini ujue kabla, si baada ya mazishi. Alafu yale maswali ya afya. Mimi yangu ofisa alinijazia mwenyewe haraka haraka, presha hapana, sukari hapana, umewahi kulazwa hapana, hakuniuliza hata moja, nikaweka sahihi chini. Mungu alisaidia sikuwa na kitu, lakini fikiria mtu ana sukari na amejaziwa hapana, siku familia inadai wanaitisha rekodi za hospitali na hapo ndio mwisho wa dai. Chukua kalamu ujaze mwenyewe hata kama foleni ni ndefu nyuma yako.

Na ujue hiyo pesa inaenda benki, haiendi kwa watoto. Deni likipungua na bima inapungua nalo. Kama unataka kitu cha kubaki cha chakula na shule, hiyo ni bima ingine ya maisha ya kawaida, usifikirie hii inafanya kazi zote mbili.

Utaniuliza sisi tulifanya nini hiyo Machi. Tulienda benki kabla hatujakosa hata mwezi mmoja, mimi na mzee wangu, yeye ni mwalimu wa sekondari na mshahara wake peke yake haungefika. Tukaomba tulipe riba tu kwa muda, wakakubali miezi mitano. Riba tu kwa deni la milioni 5.15 ni kama 60,000, kwa hivyo ukiangalia tulipunguziwa elfu ishirini tu, lakini hiyo elfu ishirini ilikuwa chakula. Nilikuwa na 400,000 Sacco, chama cha akiba na mikopo, nikafikiri hapo niko sawa, kumbe akiba ya Sacco huitoi hivi hivi, mpaka ujiondoe na utoe notisi ya siku 60, na nilikuwa nimedhamini watu wawili kwa mikopo yao, kwa hivyo hata kujiondoa haikuwezekana. Kilichotuokoa ni 160,000 nilikuwa nimeweka kwa mfuko wa mani maketi, yaani mfuko wa uwekezaji wa muda mfupi, ambayo inatoka kwa siku mbili tatu inaingia M-Pesa, na chama chetu cha wamama cha kuchangiana, kilichotupea zamu yetu mapema. Mungu awabariki hao wamama.

Kitu kingine kilichonituliza ni kusoma Sheria ya Ardhi ya 2012. Watu hufikiri ukikosa mwezi mmoja madalali wako mlangoni. Hapana. Ukikosa kwa mwezi mzima ndio benki inaweza kukupa notisi ya maandishi, siku 90 za kulipa, zikiisha kuna notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana yake ya siku 45. Zote pamoja zinakaribia miezi saba. Sikwambii ukae na deni, riba inaendelea kupanda na adhabu juu yake, lakini ile miezi sita bima huwa inakuahidi, sheria yenyewe inakupa nafasi karibu hiyo ya kutafuta kazi ama kuuza nyumba mwenyewe kwa bei nzuri kabla ya mnada. Ningejua hii 2020 ningeogopa kidogo na ningesaini kidogo.

Kampuni ya bima nimewaandikia barua mbili nikidai wanirudishie premiamu zangu, yaani zile pesa za bima nilizokatwa kila mwezi, ya pili nimeambatisha ile fomu yenye mwandiko wangu na nakala nikapeleka Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kampuni bado haijanijibu na mimi sijachoka.

Kazi nilipata Agosti, mshahara mdogo kuliko wa kwanza, na ni mkataba tena. Septemba tukarudi benki sisi wawili, nikatoa ile sehemu ya kupoteza kazi, na nikauliza swali ambalo ningeuliza 2021 siku tulitoka kumzika wifi: bima ya maisha iko na majina mangapi? Moja. Langu. Miaka mitano na nusu mzee wangu alikuwa analala kwa nyumba hiyo, analipa nyumba hiyo, na hayumo. Nikasema aongezwe, na si nusu nusu, kila mmoja alindwe kwa deni lote. Premiamu kwetu ni 0.4 kwa mia ya deni kwa mwaka, kwa hivyo yake ni kama 20,600, ni 1,700 na kidogo kwa mwezi. Ile niliyotoa ilikuwa 1,500. Tofauti ni shilingi mia mbili na ishirini hivi.

Wakamtuma apimwe kwa daktari juu ya umri wake. Presha ikapatikana iko juu, kitu hata sisi hatukuwa tunajua. Akarudi na fomu mezani jikoni, akafika pale wameuliza presha, akaniangalia, nikamwambia andika ndiyo. Akaandika. Wakaongeza premiamu kidogo, na wiki ya tatu barua ikaja na majina yetu yote mawili.

Binamu, hiyo karatasi ya Ijumaa nitumie leo jioni tuisome pamoja. Na kama mama watoto naye anachangia kulipa, kuja naye.